Remmy Ongala, mtoto wa Kindu aliyeimbia maskini

Jijini Dar es Salaam, mtaa wa Sinza, kuna kituo cha daladala kinachoitwa "Kwa Remmy". Wengi wanaoshuka pale hawajui kama huyo Remmy alikuwa mtu wa Maniema, jirani zetu wa ng'ambo ya Kabambare.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili, basi mganga akamshauri akazalie porini, na huyu mtoto asinyolewe nywele. Njo maana ya zile rasta zake. Hakuiga Bob Marley. Baba yake alikuwa mpiga ngoma. Wazazi walikufa yeye angali kijana, akajitafutia maisha kwa gitaa katika orkestra za Kongo na Uganda.

Mwaka 1978 akavuka kwenda Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy. Makassy walipohamia Nairobi, yeye akabaki, akaingia Matimila, bendi yenye jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Zamani ile mwanamuziki alikuwa na sauti tu, gitaa na spika vilikuwa vya tajiri.

Wakati wanamuziki wengi wa kwetu waliimba Lingala, na mapenzi juu ya mapenzi, Remmy alishika Kiswahili. Aliimba juu ya kifo, juu ya mnyonge asiyesikilizwa, juu ya mtu kukosa pesa. Watu wakamwita Dokta.

Kanda yake ilifika Uingereza kwa mkono wa rafiki. Mwaka 1988 akaalikwa kwenye tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 studio ya Real World ikatoa albamu *Songs for the Poor Man*. *Mambo* ikafuata mwaka 1992.

Lakini wimbo uliomletea matata zaidi ni "Mambo kwa Soksi". Soksi ni kondomu. SIDA, au UKIMWI kama wanavyosema Tanzania, ilikuwa inamaliza vijana, na kuitaja wazi ilikuwa aibu. Remmy akaitaja. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu wakausikia dansini na kwenye kanda. Kwangu mimi huu ndio wimbo wake mkubwa, hata kama wazee wengine hapa Baraka wangechagua "Kifo".

Baadaye kisukari na kiharusi vilimwangusha. Akaokoka, akaacha dansi, akaimba nyimbo za dini. Mashabiki wa zamani hawakufurahi wote.

Alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 13 Desemba 2010, akiwa na miaka 63, akazikwa huko huko. Watu wetu waliokimbilia Kigoma mwaka 1996 na kukaa kambini Nyarugusu walikuta Watanzania wakimuita Remmy wao.