Barua, Mshahara na Jukwaa: Mawasiliano ya Waigizaji na Mameneja katika Uingereza ya Malkia Victoria

Historia ya tamthilia ya Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, yaani kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata yaliyoonekana jukwaani: michezo iliyopendwa, mandhari yaliyochorwa kwa gharama kubwa, na waigizaji ambao majina yao pekee yalitosha kujaza ukumbi. Hata hivyo, kabla pazia halijafunguliwa, sharti awepo aliyeandika barua na aliyeijibu, kwa kuwa katika nchi ambayo waigizaji walihamahama mji hadi mji na mameneja walikaa mbali nao, karatasi ndiyo iliyoajiri, iliyopanga mshahara, iliyogawa nafasi na, mara kwa mara, iliyovunja urafiki. Zikisomwa kwa makini, barua hizo huonyesha kwamba sanaa yenyewe ilitajwa kwa nadra kuliko pesa na heshima, na kwamba hata zile zinazosifiwa leo kwa uzuri wa lugha zilikuwa, kwa sehemu kubwa, barua za biashara.

Meneja wa wakati huo hakuwa msimamizi wa kuajiriwa tu. Kwa kawaida alikodi jumba kwa jina lake, akaajiri kikundi, akachagua michezo na kuiongoza, na mara nyingi akajitwalia nafasi kuu jukwaani. Ndivyo alivyofanya William Charles Macready huko Covent Garden kati ya 1837 na 1839 na tena Drury Lane kati ya 1841 na 1843. Ndivyo alivyofanya Samuel Phelps katika jumba la Sadler's Wells kuanzia 1844 hadi 1862, na Charles Kean katika Princess's kuanzia 1850 hadi 1859. Kwa kuwa hasara ilimwangukia yeye, kalamu yake ilikuwa ya mtu anayehesabu. Sheria ya mwaka 1843, iliyoondoa ukiritimba wa majumba machache ya London yaliyokuwa na hati ya kifalme ya kuigiza michezo ya mazungumzo, iliongeza idadi ya waajiri na kwa hiyo idadi ya barua, ingawa haikuondoa udhibiti: kila meneja aliendelea kutakiwa kupeleka mchezo mpya kwa Lord Chamberlain, ofisa mkuu wa nyumba ya kifalme aliyekuwa na mamlaka ya kuupiga marufuku, siku 7 au zaidi kabla ya kuonyeshwa.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na posta. Kabla ya 1840 gharama ya barua ilipimwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na kwa desturi ilimwangukia mpokeaji, kiasi kwamba karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilizidi shilingi 1. Kwa meneja jambo hili lilikuwa kero ya kila siku, kwa maana kila mwigizaji asiye na kazi aliyemwandikia kuomba nafasi alimwomba pia, pasipo kusema, alipie ombi lenyewe. Mpango wa mrekebishaji wa posta Rowland Hill, ulioanza Januari 1840 na kufuatiwa na stempu ya kwanza mwezi Mei mwaka huohuo, uliweka bei ya peni 1 kwa barua nyepesi popote nchini na kuuhamishia mzigo huo kwa mwandishi. Tangu hapo hata mwigizaji wa mshahara mdogo aliweza kuyaandikia majumba kadhaa kwa siku moja, nao mameneja wakajikuta na rundo la barua ambazo sasa hakuna kilichowazuia kuzipuuza.

Barua ya kuomba kazi ilikuwa na kanuni zake. Mwombaji alitaja kwanza aina ya nafasi alizozoea, kwa sababu vikundi vya kudumu, yaani vile vilivyokaa katika jumba moja msimu mzima na kubadilisha michezo mara kwa mara, viligawa kazi kwa ngazi zilizoheshimiwa mno: kiongozi wa kiume, kijana mpenzi, adui, mchekeshaji wa tabaka la chini, bibi mzee, msichana wa kazi anayeimba, na chini kabisa yule aliyewekwa popote palipobaki pengo. Baada ya hapo alieleza umri na umbo lake, nafasi alizokwisha kuzihifadhi kichwani, na hali ya mavazi yake, kwa kuwa mwigizaji wa mikoani alitarajiwa kuja na nguo zake nyingi za jukwaani. Meneja, akikubali, alijibu kwa mistari michache iliyotaja mshahara wa wiki, tarehe ya kuanza na usiku wa faida, yaani onyesho moja katika msimu ambalo mwigizaji aliruhusiwa kuchukua mapato yote au sehemu yake baada ya gharama kuondolewa. Majibu hayo mawili matatu ndiyo yaliyokuwa mkataba wenyewe, na ugomvi ulipozuka kila upande ulikimbilia sandukuni kutafuta karatasi yake. Gazeti la The Era, lililoanzishwa 1838 na baadaye likawa sauti ya wenye fani hiyo, lilichapisha matangazo ya waliotafuta kazi na waliotafuta watu, na matangazo mengi ya mameneja yalionya kwamba kimya kihesabiwe kuwa namna ya adabu ya kukataa. Ni adabu ya ajabu, lakini iliokoa stempu.

Charles Dickens mwenyewe alipitia mlango huo. Mwaka 1832, akiwa kijana asiyejulikana, aliliandikia jumba la Covent Garden kuomba ajaribiwe, akapewa siku ya kufika mbele ya George Bartley, msimamizi wa jukwaa, lakini siku ilipowadia mafua makali na uvimbe wa uso vilimzuia, na nafasi ikapita. Miaka michache baadaye aliitabaruku riwaya yake ya Nicholas Nickleby, yenye sura za kuchekesha juu ya kikundi cha waigizaji wa mikoani, kwa Macready, rafiki yake.

Kwa mwigizaji mgeni aliyetembelea mikoa akiwa nyota pekee, barua ilibeba uzito wa ziada. Ira Aldridge, mwigizaji mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807 na kuhamia Uingereza mwaka 1824, alicheza Othello huko Covent Garden mwaka 1833 akakutana na uhasama wa baadhi ya magazeti ya London, na kwa miaka mingi iliyofuata riziki yake ilitoka katika miji ya mikoani na Ireland, kisha, kuanzia 1852, katika bara la Ulaya, hadi alipofariki Łódź mwaka 1867. Maisha ya namna hiyo yalidai apange kwa barua, mji baada ya mji, siku za kufika, michezo itakayochezwa na mgawo wa mapato ya mlangoni, tena na watu ambao wengine walikuwa hawajawahi kumwona. Mlango wa London ulipokuwa umefungwa nusu, kalamu ndiyo iliyomfungulia mingine.

Barua iliyochapishwa gazetini ilikuwa silaha ya namna nyingine. Mwaka 1846 huko Edinburgh, mwigizaji Mmarekani Edwin Forrest alimzomea Macready alipokuwa akicheza Hamlet, kisha, badala ya kukana, akaliandikia gazeti la The Times kukiri na kujitetea kuwa mtazamaji ana haki ya kuzomea kama alivyo na haki ya kupiga makofi. Macready alipokwenda Marekani ugomvi uliendelea katika magazeti, naye akakusanya barua kutoka Uingereza za kuthibitisha kuwa hakuwahi kumfanyia Forrest hila, akazichapisha kama ushahidi. Umati ulipomfukuza jukwaani katika jumba la Astor Place, New York, Mei 1849, watu mashuhuri wa mji huo, miongoni mwao Washington Irving na Herman Melville, walimwandikia barua ya wazi kumsihi asiondoke. Alikubali. Usiku wa tarehe 10 Mei askari waliufyatulia umati risasi nje ya jumba, na watu zaidi ya 20 wakauawa.

Reli na telegramu zilibadilisha mwendo wa kazi hii katika nusu ya pili ya karne. Vikundi vya kudumu vilififia, nafasi yake ikachukuliwa na vikundi vilivyozunguka nchi na mchezo mmoja, na mazungumzo ya msimu mzima yakapungua kuwa ratiba ya miji. Kuanzia 1870, telegrafu ilipokuwa mikononi mwa posta, maneno 20 yaligharimu shilingi 1.

Ofisi iliyoandika zaidi ya zote huenda ilikuwa ya jumba la Lyceum, ambalo Henry Irving alilichukua mwaka 1878 akiwa na Ellen Terry kama mwigizaji wake mkuu wa kike na Bram Stoker kama meneja wa shughuli. Barua nyingi zilizobeba jina la Irving zilitungwa na wasaidizi wake, kwa hiyo mtafiti anayetafuta humo nafsi ya mwigizaji hupata zaidi ustadi wa ofisi. Si ajabu sana kwamba Stoker, aliyeishi kwa miaka katikati ya barua na telegramu za watu wengine, aliandika mwaka 1897 riwaya ya Dracula ambayo karibu yote imejengwa kwa barua, shajara na telegramu.

Karibu na ofisi hiyo ndiko yalikozaliwa mawasiliano mashuhuri kuliko yote, ya Terry na George Bernard Shaw. Yalianza 1892, Terry alipomwandikia mhariri wa gazeti la The World kwa ajili ya rafiki kijana aliyekuwa mwimbaji, na barua ikapewa Shaw, mhakiki wa muziki wa gazeti hilo. Wawili hao waliandikiana kwa mapenzi na utani kwa miaka, na kwa hiari yao hawakukutana ana kwa ana hadi 1900. Wasomaji wengi huzichukua barua hizo kama hadithi ya mapenzi, lakini uzi wake mkuu ni mchezo wa The Man of Destiny, ambao Shaw aliutaka uchezwe Lyceum kwa tarehe maalumu na kwa mrabaha, yaani malipo yanayofuata mapato ya kila onyesho, ilhali Irving alitaka kuushikilia tu bila ahadi. Shaw, ambaye wakati huohuo alikuwa mhakiki wa tamthilia, alishuku kwamba kununua michezo ya wahakiki ilikuwa njia ya kununua ulimi wao. Terry alisimama katikati, akimtuliza mmoja na kumwombea mwingine, na mwaka 1897, baada ya uhakiki mkali wa Shaw juu ya Richard III ya Irving, mchezo wa Shaw ukarudishwa. Mwaka 1899 Shaw alimtungia Terry mchezo mwingine, Captain Brassbound's Conversion, na katika barua akamtaka alinganishe vitabu vya H. M. Stanley, aliyepita Afrika kwa bunduki na misafara iliyokusanywa Zanzibar, na vile vya Mary Kingsley, aliyesafiri Afrika Magharibi kama mfanyabiashara mdogo, apate kumwelewa mhusika wake. Terry hakushawishika upesi. Alikuja kuucheza London mwaka 1906.

Kilichobaki leo hakilingani na kilichoandikwa. Majumba ya tamthilia yaliungua mara kwa mara, Covent Garden likiwemo mwaka 1856. Dickens alichoma barua alizopokea, katika shamba la nyumba yake, mwaka 1860. Na wakusanyaji wa sahihi waliokoa karatasi za wenye majina makubwa huku za mchekeshaji wa mkoani zikiwashia jiko. Sheria ya Uingereza nayo iligawa kila barua mara mbili, karatasi kuwa mali ya mpokeaji na maneno kubaki haki ya mwandishi, na mgawanyo huo ndio ulioamua hatima ya barua za Terry, aliyefariki 1928. Warithi wake waliweza kuuza karatasi za Shaw, lakini hawakuweza kuzichapisha bila ruhusa yake. Aliitoa, na kitabu kikatoka 1931, licha ya upinzani wa Edward Gordon Craig, mwana wa Terry, aliyejibu mwaka huohuo kwa kuchapisha kitabu chake mwenyewe juu ya mama yake.