Mkate wa Kusuka Karatu: Wapishi Ambao Hakuna Aliyewaandika

Mkate wa kusuka, ule unaojazwa nyama katikati, umejaa mitandaoni siku hizi. Wengi wanadhani ni mapishi ya juzi tu, ya kwenye simu. Lakini kwa Karatu, ngano na mkate vina historia ya miaka mia, na ndani yake kuna watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili Wajerumani walikuwa na mashamba ndani kabisa ya kreta ya Ngorongoro. Magofu ya nyumba bado yapo karibu na mto Munge. Vita vikawaondoa. Kuanzia 1925 Waingereza wakawaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika, na walowezi wakachukua ardhi ya Oldeani, wakalima kahawa na ngano.

Wajerumani wana mkate wao wa kusuka, Hefezopf, na Zopf kwao ni msuko wa nywele. Yaani jina lilelile la saluni! Ila katika nyumba za walowezi, aliyekuwa anakanda unga kwa kawaida hakuwa bwana wala bibi. Alikuwa Mwafrika, mara nyingi mwanaume, na kwenye vitabu vya wageni wa zama hizo anaitwa "mpishi" au "boi", basi. Wakati mwingine hata mbwa wa bwana kaandikwa jina.

Kwenye kambi za safari kazi ilikuwa ngumu zaidi. Oveni hamna. Mkate uliokwa ndani ya debe au sufuria, makaa chini, makaa juu. Aliyekosea moto kidogo alitoa jiwe, na wageni wanasubiri chai.

Vita vya Pili vilipoanza 1939, Wajerumani wakakamatwa na mashamba yakaingia mikono mingine. Shamba moja la kahawa lililoanzishwa 1929, leo linajulikana kama Gibb's Farm, likaanza kupokea wageni 1972. Hoteli nyingine zikafuata, na jikoni zikahitaji watu. Ujuzi haukupitia vyuoni tu. Kijana alisimama pembeni ya mkubwa wake, akaangalia mikono, akaiga.

Huko juu mambo yakawa tofauti. Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti 1959, na 1975 sheria ikapiga marufuku kilimo ndani yake. Katazo likalegezwa miaka ya 1990, kisha likarudi. Kwa hiyo ngano inaishia upande wa Karatu, na familia ya juu ikitaka mkate, unga lazima ununuliwe na upandishwe mlima.

Kusuka kwenyewe si uchawi. Unga wa ngano, hamira, chumvi, sukari kidogo, mafuta na maziwa ya uvuguvugu vinakandwa hadi donge liwe laini. Karatu kuna baridi, hivyo donge huchelewa kuumuka. Bakuli likae karibu na jiko. Nyama ya kusaga inakaangwa na vitunguu vya Mang'ola hadi ikauke, halafu inaachwa ipoe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: nyama ya moto au yenye mchuzi inalowesha donge, na msuko unapasuka.

Donge linasukumwa liwe mstatili, nyama inalazwa katikati kama barabara. Pande mbili zinakatwa mikanda ya upana wa vidole viwili, mishazari. Mkanda wa kushoto unalala juu ya nyama, wa kulia unaufunika, kushoto tena, kulia tena, kama mtu anavyosuka ukili. Ncha zinafungwa kwa chini. Uumuke tena, upakwe yai, uokwe. Asiye na oveni anatumia sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko, ufundi uleule wa wale wa kambini.

Tofauti ni moja tu. Mpishi wa zamani alisuka, akaoka, akapeleka mezani kwa wengine, kisha akarudi jikoni. Leo anayesuka nyumbani kwake Karatu anakata kipande cha kwanza na kuwapa wanawe. Na kama babu alikuwa mpishi wa kambi, hapo mezani ndipo pa kumtaja kwa jina, kabla mkate haujaisha.