Utafiti wa familia kuhusu jenetiki ya Alzheimer ya uzeeni

Utafiti wa familia kuhusu jenetiki ya Alzheimer ya uzeeni ni uchunguzi wa miaka mingi unaofuatilia koo ambamo zaidi ya mtu mmoja amepatwa na ugonjwa huo wa kusahau baada ya miaka 60 au 65. Watafiti huchukua damu na historia za wagonjwa pamoja na za ndugu zao walio wazima, wakitafuta jeni zinazoongeza hatari na zile zinazokinga.

Alzheimer inayoanza mapema, katika baadhi ya koo, husababishwa na badiliko la jeni moja tu: APP, PSEN1 au PSEN2. Ya uzeeni haina njia ya mkato namna hiyo. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa aina ya e4 ya jeni APOE, iliyoko kwenye kromosomu ya 19, huongeza hatari, na mwenye nakala mbili huwa hatarini kuliko mwenye moja. Hata hivyo wapo wenye e4 wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wengi wasio nayo kabisa. Uchunguzi wa mapacha wa Sweden uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria mchango wa urithi kuwa kati ya asilimia 58 na 79, kwa hiyo APOE peke yake haimalizi hesabu.

Ugumu wa kwanza katika kupanga utafiti ni umri. Mgonjwa akiwa na miaka 78, wazazi wake kwa kawaida wamekwisha kuzikwa na damu yao haipatikani. Uzito wote huwaangukia ndugu. Ndiyo sababu mradi wa Marekani uliofadhiliwa na Taasisi ya Taifa ya Uzee, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuongozwa na Richard Mayeux wa Chuo Kikuu cha Columbia, ulitaka kila familia iwe na wagonjwa wawili waliochangia baba na mama, na jamaa wa tatu wa damu. Sampuli zilipelekwa kwenye hazina ya Chuo Kikuu cha Indiana, ambako chembe nyeupe za damu zinaweza kuoteshwa ziendelee kugawanyika, ili vinasaba visiishe baada ya mwenyewe kufariki.

Mti wa ukoo huchorwa kwa alama zinazojulikana: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, umbo lililojazwa wino ni mgonjwa, mstari wa mshazari ni marehemu, na mshale humwonyesha aliyeileta familia kwenye utafiti. Kuchora ni rahisi. Kuuliza ndiko kwenye kazi. Kwa msemaji wa Kiswahili, mtoto wa mama mdogo ni ndugu, na wa baba mkubwa ni ndugu vilevile. Mahesabu ya jenetiki hayana ukarimu huo: ndugu wa toka nitoke hushirikiana wastani wa nusu ya jeni, wa kuchangia mzazi mmoja robo, na mtoto wa mama mdogo thumni. Mhoji hana budi kuuliza, kwa adabu, “Huyo ni wa tumbo moja nawe, bibi? Na baba ni huyohuyo?” Hata akijibiwa bila kusita, maabara inaweza kuonyesha vingine. Uamuzi kwamba siri ya ubaba haitatolewa kwa yeyote unapaswa kuandikwa kabla ya sindano ya kwanza.

Ndugu mzima naye ni fumbo. Mwenye miaka 62 asiyesahau chochote huenda akaugua akifika 80, hivyo hutembelewa tena na tena, na binti au mke anayekaa naye huulizwa kuhusu dawa, hela na njia ya kurudi nyumbani. Vipimo navyo huweza kupotosha: asiyewahi kushika penseli akishindwa kunakili mchoro, atahesabiwa mgonjwa bure. Wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa 2009 na 2010 ulikadiria dimensia kuwa asilimia 6.4 kwa wenye miaka 70 na zaidi, kilibuniwa kipimo ambamo mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo analoonyeshwa.

Familia za mahali pamoja hazitoshi. Ibadan, Nigeria, wazee Wayoruba walipata Alzheimer kwa kiwango cha asilimia 1.15 kwa mwaka, dhidi ya 2.52 kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis, na e4 haikuonyesha nguvu ileile kwa Wayoruba hao.

Ridhaa huombwa mapema, mhusika angali anaelewa anachosaini, naye humtaja wa kumsemea baadaye. Majibu ya APOE kwa kawaida hayatolewi bila ushauri nasaha, kwa kuwa jibu la mmoja huwagusa na nduguze. Ombi zito kuliko yote ni la ubongo. Ni uchunguzi wa ubongo baada ya kifo unaothibitisha kama kweli ilikuwa Alzheimer, na hufaa ufanyike ndani ya saa chache. Panapozikwa siku hiyohiyo, familia ambayo haikuzungumza jambo hilo mgonjwa akiwa hai haitalizungumza jeneza likiwa mlangoni.