Kutoka Kuelewa hadi Kushika Msimamo: Historia Fupi ya Uandishi wa Maoni kwa Vijana Wanaojifunza Kifaransa kama Lugha ya Pili nchini Kanada

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna sababu ya kiisimu ya kufundisha uandishi wa maoni ilivyojitokeza, hatua kwa hatua, katika ufundishaji wa Kifaransa kama lugha ya pili nchini Kanada kati ya mwaka 1965 na 1995. Yanajenga hoja kwamba vijana walioelewa Kifaransa vizuri walipungukiwa na maumbo yaleyale ya sarufi ambayo mtu huyahitaji ili kupendekeza, kukiri hoja ya mwenzake na kupinga kwa adabu. Mwishoni, yanaonesha funzo la historia hiyo kwa ufundishaji wa insha ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwalimu anapomtaka mwanafunzi wa miaka 13 aandike maoni yake kwa lugha ya pili, humdai mambo mawili kwa pamoja: awe na la kusema, na awe na maumbo ya kulisemea. La kwanza vijana hawalikosi. La pili ndilo linaloumba tatizo la makala haya. Katika Kifaransa, anayesema *je pense que* (nadhani kwamba) hufuatisha kitenzi katika hali arifu. Akikanusha, *je ne pense pas que*, kitenzi kinachofuata kwa kawaida huingia katika hali tegemezi. Kiunganishi *bien que* (ijapokuwa) nacho hudai hali tegemezi. Pendekezo la adabu, *on devrait* (ingepasa), huundwa kwa hali ya masharti. Msimamo wa mwandishi, kwa hiyo, umo ndani ya umbo la kitenzi, na asiyekuwa na umbo hilo hubaki na maoni asiyoweza kuyapima wala kuyalainisha.

2.0 Urithi wa Dissertation

Nchini Ufaransa, uandishi wa hoja umelelewa kwa muda mrefu na insha ya shule iitwayo *dissertation*, ambayo kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imeanza kuchukua nafasi ya utungaji wa Kilatini katika elimu ya sekondari. Muundo wake unaofahamika zaidi ni wa hatua tatu: hoja, hoja kinzani na usanisi. Utanzu huu ulifundisha mpangilio wa fikra. Lugha yenyewe ilichukuliwa kuwa mwanafunzi anayo tayari. Mwanafunzi wa lugha ya pili anapokabidhiwa muundo huo peke yake, hupewa ramani ya nyumba bila matofali.

3.0 St. Lambert, 1965

Mwaka 1965, katika mji wa St. Lambert ulio jirani na Montreal, lilifunguliwa darasa la awali ambamo watoto wa wazazi wasemao Kiingereza walifundishwa kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Wazazi wenyewe ndio walioshinikiza jambo hilo. Jimbo la Quebec lilikuwa katika mageuzi makubwa ya kijamii na kisiasa, na wazazi hao waliona kwamba Kifaransa kilichofundishwa kama somo tu kisingewatosha watoto wao katika jamii iliyokuwa ikibadilika. Mkabala huo wa uzamishaji, yaani kuifanya lugha ya pili kuwa lugha ya kufundishia masomo mengine, ulichunguzwa na Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Watoto hawakurudi nyuma katika Kiingereza wala katika maarifa ya masomo, na ufahamu wao wa Kifaransa ulikuwa wa kiwango cha juu. Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 1969 ilikuwa imekwisha kuipa lugha hiyo hadhi sawa na Kiingereza katika taasisi za shirikisho, na uzamishaji ukaenea katika majimbo mengine.

4.0 Pengo Linajitokeza

Wanafunzi hao walipokua, mafanikio yalionesha upande wake wa pili. Merrill Swain (1985), akichunguza wanafunzi wa darasa la sita, alibainisha kwamba baada ya miaka kadhaa ya kusikia Kifaransa kila siku, walikaribia wazawa katika ufahamu, lakini sarufi yao katika kusema na kuandika ilikuwa mbali. Nadharia iliyotamba wakati huo, ya Stephen Krashen, ilidai kwamba kupokea lugha inayoeleweka kunatosha kuleta umilisi. Swain alijibu kwamba mjifunzaji anahitaji pia kuzalisha lugha, tena kusukumwa aizalishe kwa usahihi, kwa kuwa msikilizaji anaweza kupata maana bila kuishughulikia sarufi, ilhali mzungumzaji na mwandishi hawawezi.

Uchunguzi wa mazungumzo ya madarasani uliongeza ushahidi mzito zaidi. Ilibainika kwamba zaidi ya robo tatu ya vitenzi vilivyotumiwa na walimu wa uzamishaji vilikuwa katika wakati uliopo au hali ya kuamuru, na takribani asilimia 3 tu vilikuwa katika hali ya masharti. Kiwakilishi *vous* kwa maana ya heshima kwa mtu mmoja kilisikika kwa nadra mno. Wanafunzi nao hawakuwa na nafasi nyingi za kusema zaidi ya kishazi kimoja. Takwimu hizo zinaeleza mengi. Darasa la historia au hesabu huamuru, huuliza na hueleza. Halina sababu kubwa ya kupendekeza, kusita au kumkubalia mpinzani nusu ya hoja yake. Maumbo ya msimamo yalikosekana kwa wanafunzi kwa sababu yalikosekana kwanza katika mazungumzo ya darasa.

5.0 Tafiti Tatu

Tafiti tatu za miaka ya 1990, zote zikihusu wanafunzi wa darasa la saba au la nane, zililikabili pengo hilo kwa njia tofauti.

Elaine Day na Stan Shapson (1991) walishughulikia hali ya masharti. Wanafunzi walipewa kazi ya kubuni makazi ya binadamu katika anga za juu, kazi iliyowalazimu kueleza lingewezekana nini na kwa nini. Walioshiriki waliwazidi wenzao katika majaribio ya kuandika, wala tofauti hiyo haikufutika baadaye, ingawa katika usaili wa ana kwa ana haikuwa dhahiri hivyo. Roy Lyster (1994) alifundisha uteuzi kati ya *tu* na *vous* pamoja na miktadha yake, ikiwamo barua rasmi, na wanafunzi wakaimarika katika kumwandikia na kuzungumza na mtu wa kuheshimiwa. Swain na Sharon Lapkin (1995) waliwapa vijana wa miaka ipatayo 13 kazi ya kuandika makala fupi kuhusu tatizo la mazingira huku wakitamka mawazo yao kwa sauti. Walipokwama, walilitambua pengo katika lugha yao wenyewe, wakajaribu kulijaza. Mara walipatia, mara walikosea.

Tafiti hizi hazikubuniwa kuwa mafunzo ya uandishi wa maoni. Hata hivyo, zikisomwa pamoja zinatoa viungo vyake vyote: umbo la kupendekeza, umbo la kumheshimu unayemwandikia, na mada ya umma inayomfanya kijana ahisi upungufu wa lugha yake kabla ya mwalimu kumwonesha.

6.0 Maoni Yanapoingia Mtihanini

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha Mfumo wake wa Pamoja wa Marejeleo ya Lugha, na baadaye mitihani ya DELF ikapangwa kwa viwango vya mfumo huo. Katika kiwango cha B1 mtahiniwa huandika maoni yake kwa maneno yapatayo 160. Katika B2 hutetea msimamo kwa maneno 250. Hivyo maoni yakawa kipimo. Faida yake ni kwamba hayapuuzwi tena. Hatari yake ni kukariri: *d'abord*, *cependant* na *en conclusion* vinaweza kupangwa juu ya vishazi ambavyo vitenzi vyake havijabeba msimamo wowote.

7.0 Funzo kwa Insha ya Kiswahili

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki nao huandika insha ya Kiswahili kama lugha ya pili. Mara nyingi kiambishi -nge- hufundishwa katika kipindi cha sarufi, na insha ya hoja katika kipindi kingine, kwa kusisitiza utangulizi, kiini na hitimisho. Linganisha sentensi mbili: “Shule iruhusu simu” na “Ingefaa shule iruhusu simu, ijapokuwa wasiwasi wa wazazi una msingi”. Maoni ni yaleyale. Kilichobadilika ni uhusiano wa mwandishi na msomaji asiyekubaliana naye, na uhusiano huo umejengwa na -nge- pamoja na *ijapokuwa*. Kuvitenga vipindi hivyo viwili ni kumwachia mwanafunzi kazi ya kuunganisha kile ambacho mtalaa umekitenganisha.

8.0 Hitimisho

Miaka thelathini ya Kifaransa nchini Kanada inaonesha kwamba ufahamu wa juu unaweza kuishi pamoja na ukimya wa kisarufi. Kijana anayeelewa kila anachoambiwa lakini hana umbo la kusema “ingekuwa bora” au “sikubaliani, ingawa” amefundishwa kusikiliza tu. Sarufi ya hoja ifundishwe basi ndani ya hoja yenyewe, mbele ya msomaji anayestahili kushawishiwa.