Mkokoto, Wala Si Mnato

Katika gereji moja jirani na stendi ya Kyela, pembeni ya kalenda ya mwaka juzi, kumebandikwa karatasi inayowashauri madereva wa malori watumie "oili yenye mnato mdogo wakati wa majira ya baridi". Imeandikwa na watu wenye nia njema na kamusi mbaya. Mara ya kwanza niliisoma nikisubiri pancha izibwe. Mara ya pili nilikuwa nasubiri hasira ipoe.

Fundi aliponiona nimeikodolea macho akauliza: "Hivi Mwalimu, oili isiponata kwenye chuma, si injini itanoki?"

Swali hilo lina akili kuliko karatasi nzima. Fundi anajua, bila kufundishwa na kamati yoyote, kwamba oili ni lazima inate. Ishike kwenye chuma, injini ikizimwa usiku ibaki pale pale, asubuhi chuma kisikutane na chuma kikavu. Ukimwambia kwamba safari ya mwezi Julai ya kwenda Makete, kule juu kwenye baridi, inataka oili yenye mnato mdogo, atakusikia ukisema "oili isiyoshika", na kwa kuwa anaipenda kazi yake, atafanya kinyume. Ataweka namba 40, ile ile aliyoizoea huku kwenye joto, maana hiyo ndiyo inayoshika. Kosa hapo si la fundi, ni la Kiswahili tulichompa.

Sina haja ya kumweleza msomaji dhana yenyewe. Kila aliyewahi kumimina asali asubuhi ya baridi na kuimimina tena mchana wa jua anaijua. Tatizo ni jina.

Mnato umetoka wapi? Neno ambalo wanasayansi wa Ulaya walilikuta mezani lina asili ya Kilatini, *viscum*, jina la mmea kimelea unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Punje za mmea huo zina utomvu, na utomvu huo Warumi waliutengenezea ulimbo wa kunasia ndege. Kwa hiyo neno la Wazungu, ukilichimba hadi mzizini, lina maana ya "hali ya kuwa kama ulimbo". Kamati yetu ya istilahi ililichimba, ikaukuta ulimbo, ikafurahi, ikaandika: mnato. Nakiri kwamba uchimbaji ulikuwa safi. Ila walitafsiri kisa cha jina wakaiacha dhana, mithili ya mtu anayeulizwa Dar es Salaam iko wapi akajibu kwamba ni mahali penye amani.

Cha ajabu ni kwamba Newton mwenyewe hakuanzia kwenye ulimbo. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, alipotaka kueleza kwa nini kimiminika hukataa kusukumwa, alisema ukinzani huo unatokana na sehemu za kimiminika kukosa utelezi. Kukosa utelezi! Alitazama namna sehemu moja inavyopita juu ya nyingine, si namna inavyoganda kidoleni. Angekuwa amekaa kwenye kamati yetu, angepigwa kura akashindwa.

(Sina haki ya kuwacheka sana wanaokosea majina. Ninaishi kando ya maji ambayo Livingstone aliyafikia mwaka 1859, na husimuliwa kwamba alipouliza yanaitwaje aliambiwa "nyasa", yaani ziwa. Tangu hapo tunaliita Ziwa Ziwa bila haya, na juu ya Matema kuna safu ndefu ya milima yenye jina la muulizaji.)

Neno ninalolitetea ni mkokoto, na nitalitetea hadi nikose pumzi.

Kukokota ni kuvuta kitu kinachogusa chini na kisichotaka kuja. Humo mna mambo matatu ambayo "nata" haina: mwendo, mguso na ukaidi. Gundi inanata hata ikiwa imetulia kwenye kopo lake. Mnato hauhitaji safari. Lakini kitu kisichokwenda hakikokotwi, na oili iliyotulia ndani ya ndoo haionyeshi tabia hii ninayoizungumzia hata chembe. Mpaka imiminwe, isukumwe na pampu, ikorogwe na gia. Hapo ndipo tabaka lililoshika chuma linabaki nyuma, la juu yake linataka kwenda, na kila moja linamkokota jirani yake huku likikokotwa naye. Hii ndiyo fizikia yenyewe, nzima, imekaa ndani ya kitenzi kimoja ambacho bibi yangu alikitumia kwa kuni.

Tazama na ukoo wake. Upo mkokoteni, ambao kila soko la nchi hii linaujua. Kupo kujikokota, hali ya mgonjwa anayetoka kitandani, au ya mwanafunzi wa kidato cha pili akielekea kwenye kipindi cha hesabu. Na mkokoto upo tangu zamani, ukiwa na maana ya alama inayoachwa mchangani na gogo lililoburutwa.

Maana hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigharimu. Mwandishi wa makala haya aliliwasilisha neno hili katika semina moja miaka mingi iliyopita, akiwa amepangiwa dakika kumi kabla ya chakula cha mchana. Msomi mmoja, ambaye heshima ya umri wake inanizuia kumtaja, alisimama akasema neno hilo "lina kazi tayari". Nikajibu, kwa upole ambao leo nisingekuwa nao, kwamba wimbi nalo lilikuwa na kazi baharini kabla halijaajiriwa na redio. Mwingine akaonya kuwa watu watachanganya mkokoto na kikokotoo. Wakati huo kikokotoo kilikuwa kidude cha kujumlishia. Tangu mjadala wa mwaka 2018 kuhusu kikokotoo cha mafao ya wastaafu, hakuna mstaafu atakayekichanganya na kitu kingine chochote. Ukumbi ulicheka, pilau ikaja, na kwenye kumbukumbu za kikao mchango wangu uliandikwa kuwa "mjumbe mmoja alitoa maoni".

Ninao pia wapinzani wa mtaani, na hawa nawaheshimu zaidi. Wao wanasema uzito. Oili nzito, oili nyepesi. Hakuna gereji kati ya Kasumulu na Uyole isiyosema hivyo. Hoja yao ina nguvu kwa sababu inatoka jikoni: uji mzito, mchuzi mzito, na hakuna mtu anayeupeleka uji kwenye mizani. Lakini mwalimu wa fizikia afanyeje? Uzito ameshaupa kazi ya mvuto wa dunia. Na lita moja ya oili ya injini haifiki kilo. Ina takriban gramu 880, wakati lita ya maji ni kilo kamili. Basi tutamwambia mtoto kwamba oili nzito inaelea juu ya maji mepesi, halafu tumtandike akishindwa mtihani.

Muuza vipuri mmoja wa hapa mjini amenizidishia maumivu. Nilimuuliza ile W katika 15W-40 ni ya nini. Akasema ni "wota": hiyo ni oili ya magari yenye rejeta. Jirani yake akamsahihisha kwamba W ni uzito kwa Kiingereza. Wote wawili wamekosea. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kipupwe, nalo kipupwe ni neno letu zuri la miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ambalo waandishi wa ile karatasi wameliacha likalala kamusini, wao wakaandika "majira ya baridi" kama watu wanaotafsiri utabiri wa hali ya hewa wa Uingereza. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyojikokota kwenye baridi: ya 15 hupimwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 0 kwa nyuzi 35 chini ya sifuri, baridi ambayo haijawahi kufika Kitulo wala haitafika. Namba ya nyuma ni ya injini iliyokwisha pata moto. Oili ile ile ambayo kwenye nyuzi 40 ina sentistoki zaidi ya 100, ikifika nyuzi 100 inabaki na 14 hivi. Hicho kipimo kinabeba jina la Stokes, mtu wa Ireland. Ndugu yake, poisi, ni wa Poiseuille, daktari wa Ufaransa aliyekuwa akiwaza damu kwenye mishipa, wala si malori.

Jambo moja zaidi, maana najua litaletwa. Watasema: mbona mawese ya Kyela, ukiyapandisha Tukuyu mwezi wa saba, yanakuwa magumu ndani ya chupa hadi uyachokonoe kwa kijiko? Si mnato umeongezeka? Hapana. Yameganda. Sehemu ya mafuta imegeuka kuwa yabisi, na kwa hilo tuna kitenzi tayari, kuganda, hakihitaji semina. Oili ya injini nayo ina nta ndani yake na inaweza kuganda, lakini muda mrefu kabla haijafika huko huwa tayari inajikokota. Hayo ni mambo mawili, na lugha isiyoyatenganisha itamfanya fundi alaumu nta kwa kosa la namba.

Anayetaka kujua aweke oili gani: kwa dizeli nyingi za kutoka hapa mita 500 hadi Makete zaidi ya mita 2,000, 15W-40 inatosha, kitabu cha gari kikisema vinginevyo, fuata kitabu. Turudi kwenye neno.

Nilirudi gerejini Julai iliyopita, saa moja asubuhi, kwa shughuli isiyohusiana kabisa na istilahi, ingawa kalamu nilikuwa nayo. Fundi alikuwa ameweka simu kwenye spika juu ya boneti. Dereva wa Fuso iliyopandisha mchele Makete alikuwa akilalamika kwamba amelala huko, kumepiga baridi ya kuumiza meno, na gari haliwaki.

"Betri nzima?"

"Nzima, fundi. Stata ndiyo inajikokota. Nimechomoa kijiti, oili imekuwa kama asali."

Nilimwomba fundi amwambie arudie. Fundi akanitazama, akamwambia arudie.

"Inajikokota!" dereva akapaza sauti, akidhani mtandao ni mbaya.

Wakaanza kuzungumza mambo ya kuwasha mkaa na kuusogeza chini ya sampu, na fundi akimwonya dereva asije akachoma waya. Gari liliwaka saa ngapi sikujua. Nilikuwa nimeinama juu ya boneti, naandika tarehe.