Chuo Kilichoanzia Kiwanda cha Matairi

Vijana wenzangu, ukitaja neno chuo hapa mjini, mawazo ya watu hukimbilia Mlimani. Joho, kofia, picha ya mahafali ukutani sebuleni. Sisi tulioishia kidato cha nne tunaambiwa ndiyo basi tena, gari limeshaondoka. Leo nataka kusimulia historia ya chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya walioachwa na gari. Kilianzia kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha matairi, South Bronx, jijini New York, na kipo mpaka leo kwa sababu wanafunzi na walimu wake waligoma kutoka nje.

Kwanza tuelewane. Wamarekani wana vyuo wanavyoviita vyuo vya jamii. Cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Masomo ni miaka miwili. Ukimaliza unaingia kazini, tuseme kwenye uuguzi, au unaendelea na chuo kikuu. Mwaka 1947 tume ya Rais Truman ilipendekeza vyuo hivi vienezwe nchi nzima. Kwenye karatasi mlango ulikuwa wazi. Lakini kufunguliwa mlango si kukaribishwa. Mgeni anaweza kuingia ndani akakosa pa kukaa.

Chukua Wapuerto Rico. Kisiwa chao kilitoka mikononi mwa Hispania kikaingia mikononi mwa Marekani mwaka 1898, na mwaka 1917 wakapewa uraia. Baada ya Vita Kuu ya Pili walimiminika New York, wakashona nguo viwandani na kuosha vyombo hotelini. Jiji lile lilikuwa na vyuo visivyotoza karo, utaratibu ulioanza tangu 1847. Bure, bwana! Ila alama za kuingilia zilikuwa juu, na shule za mitaa ya weusi na ya Wapuerto Rico zilikuwa hoi. Kwa hiyo kodi walilipa wote, lakini kwenye madarasa ya vyuo walijaa weupe.

Aprili 1969 wanafunzi weusi na Wapuerto Rico wa City College, pale Harlem, walifunga mageti ya chuo. Walidai idadi ya wanaoingia mwaka wa kwanza ifanane na sura ya shule za sekondari za jiji. Walidai pia kwamba anayesomea ualimu ajifunze Kihispania na historia ya watu weusi na ya Wapuerto Rico. Dai hili la pili ndilo lililonivutia zaidi, maana waliona mbali. Kumwingiza mtoto darasani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni nani amesimama ubaoni. Mwaka 1970 jiji lilianza kumhakikishia nafasi ya chuo kila aliyemaliza sekondari zake.

Wakati huohuo wakazi wa South Bronx walikuwa wamedai chuo chao wenyewe. Kiliidhinishwa mwaka 1968, na Septemba 1970 kikapokea wanafunzi 623 wa kwanza. Kilipewa jina la Eugenio María de Hostos, Mpuerto Rico aliyezaliwa 1839, mwalimu na mwandishi aliyetetea wanawake wafundishwe sayansi. Riwaya yake ilitoka mwaka 1863, yeye akiwa na miaka 24. Waandishi chipukizi, hesabuni miaka yenu.

Chuo cha Hostos kilifundisha kwa lugha mbili. Mama aliyekuja mjini na Kihispania chake aliweza kusoma biolojia kwa lugha hiyo, huku akijifunza Kiingereza pembeni, kisha akahama kidogokidogo. Hakuambiwa akae miaka miwili ajifunze kwanza kuomba maji kwa Kiingereza ndipo aelezwe moyo unavyosukuma damu. Na utaratibu huo haukuwezekana bila walimu wanaoijua lugha ya wanafunzi. Hapo Mpuerto Rico aliyesoma naye akapata pa kufundishia.

Halafu njaa ikabisha hodi. Mwaka 1975 Jiji la New York lilikaribia kufilisika. Wakubwa wakatafuta pa kukata, na kisu kikaelekezwa kwa mdogo: Hostos kife, kimezwe na chuo kingine cha Bronx. Mwaka 1976 wanafunzi, walimu na majirani wakaliteka jengo, wakakaa humo karibu majuma matatu. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Ramón Jiménez, mwalimu na mwanasheria. Polisi wakaja, wakakamata watu. Lakini kelele zilikuwa zimeshafika kwenye bunge la jimbo, na mwaka huohuo chuo kikaokolewa kwa sheria.

Msidhani hadithi inaishia kwenye vigelegele. Mwaka huohuo wa 1976 vyuo vya jiji vilianza kutoza karo. Tazama ajabu hii: kwa zaidi ya miaka 120 elimu ilikuwa bure, na weusi na Wapuerto Rico walipoanza kuingia kwa wingi ndipo bili ikaletwa mezani. Wapo watakaosema ilikuwa uchumi tu. Ni kweli, pesa hazikuwapo. Lakini bili ile iliwakuta nani mlangoni?

Mwaka 1997, siku chache kabla ya mahafali, wakuu wa vyuo vya jiji waliamua kwamba mwanafunzi wa Hostos asihitimu bila kufaulu mtihani wa kuandika Kiingereza. Hoja yao haikuwa ya kijinga, maana ajira za New York zinadai Kiingereza. Ninachokataa mimi ni kuhamisha goli dakika ya tisini, mtu akiwa ameshashona nguo ya sherehe.

Sisi jambo hili tunalijua. Mtoto wa Kitanzania hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi ya serikali, kisha akifika sekondari anatupwa kwenye Kiingereza siku moja, bila daraja. Mwaka 1982 tume ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari, na pendekezo likawekwa kabatini. Wangapi tuliitwa vilaza wakati tulichokosa ni lugha tu? Hostos walijenga daraja, wakalilinda kwa kulala sakafuni.

Ninyi mnaotafuta la kuandika, acheni kidogo mapenzi ya ufukweni. Nendeni kwenye chuo cha ufundi au darasa la jioni la mtaani kwenu. Ulizeni kilianza lini, nani alikidai, walimu wake wametoka wapi, nani hajawahi kuonekana humo. Wazee wanaojua majibu bado wapo hai, na wengi hawajawahi kuulizwa.