Herufi Iliyopotea

Shuleni nilichekwa darasa zima kwa kusoma neno la Kiingereza vibaya. Kumbe wenye lugha yao wana lao wanalolikosea mpaka leo!

Wasee, mshaona kwenye filamu zile baa za Uingereza zimeandikwa "Ye Olde"? Wengi husoma "yi". Zii. Zamani Kiingereza kilikuwa na herufi þ, jina lake thorn, yaani mwiba. Ilibeba "th" ya thamani na pia "dh" ya dhahabu. William Caxton alipoleta uchapishaji Uingereza mwaka 1476, herufi za kuchapia zilitoka Ulaya bara, na huko þ haikuwepo. Kwa vile kwenye mwandiko wa mkono ilishaanza kufanana na y, wachapishaji wakaweka y tu. Hiyo "ye" ni "the" ya kawaida! Kule Aisilandi þ ingali inatumika.

Kwa hivyo mtu akikucheka juu ya tahajia, tulia. Nyingine haikutoka kwa wasomi. Ilitoka kwa fundi aliyekosa herufi kwenye boksi lake.

Wewe ulichekwa kwa neno gani?